Koti mseto ya kukaushwa kwa mwanga: mwongozo kamili kwa waliochoka na koti inayonata

Picha ninazotumiwa zinafanana mpaka nimeanza kuzichanganya. Kipande cha polikaboneti (ile plastiki ngumu angavu) kilichopakwa koti, yaani tabaka jembamba la kinga, alama ya dole gumba katikati, na ujumbe chini yake: kaka nimewasha taa dakika kumi nzima bado inanata. Kila mtu analaumu taa. Sasa mimi nimeshasimama juu ya hizi sampuli vya kutosha kujua kwamba nusu ya kesi taa haina kosa lolote, kosa lilifanyika jana yake kwenye chupa, wakati mtu anapima maji kwa kukadiria.

Kwa hiyo leo tunaanza mwanzo mpaka mwisho. Ni kwa walioko vyuoni wanaofanya projekti, na mafundi wanaotaka kujua ile koti ngumu iliyo juu ya taa za gari na visor za helmeti inatoka wapi. Ukifuata hivi utapata koti angavu, nyembamba, ambayo kucha haiichori.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze bila hivi, na usibadilishe kimoja ukategemea matokeo yaleyale.

- MAPTMS, sileni ya kuunganisha kioo na plastiki, gramu 24.8. Dukani inaitwa Silquest A-174, KBM-503 au Dynasylan MEMO, ni kitu kilekile, hakikisha namba ya CAS ni 2530-85-0.
- TEOS, ile inayoleta silika, yaani kitu cha kioo, gramu 4.2 (CAS 78-10-4).
- Maji yaliyochujwa kwa kuchemshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, yenye asidi ya haidrokloriki ya 0.01 M. Jumla gramu 3.4. Ukiwa na asidi ya asilimia 37, mililita 1 kwenye lita 1.2 za maji inakupa hiyo. Asidi ndo inaingia kwenye maji, usigeuze.
- Aisopropanoli gramu 15, hii ndo nitakayoiita spiriti.
- HDDA gramu 2 (CAS 13048-33-4), hii ni ya kushika plastiki, nitaeleza.
- Kianzishi cha mwanga, yaani kile kinachoanzisha kuganda mwanga ukikipiga: Omnirad 819, zamani Irgacure 819, gramu 0.4.
- Mizani inayosoma 0.01, kichanganyio cha sumaku, chupa ya kioo yenye kifuniko, foili, filta ya sindano ya mikroni 0.45, oveni inayoshika nyuzi 60 mpaka 100.
- Taa ya UV. Ile ya saluni ya kukaushia kucha inafaa.
- Glavu za nitrili, miwani ya kinga, na sehemu inayopitisha hewa.
- Vipande vya kioo vya hadubini pamoja na vipande vya polikaboneti. Kioo si mapambo, utaona kazi yake.

Kuhusu hewa sitanii. MAPTMS ikikutana na maji inatoa methanoli, na kwa kipimo hiki ni kama gramu 9.6 za methanoli ndani ya chupa yako, ile inayopofusha watu kwenye pombe chafu. Inaingia kwa kupumua na kwa ngozi pia, na inashika moto haraka. HDDA nayo ikigusa ngozi yako inaweza kukuletea mzio wa maisha. Ikidondokea glavu, badilisha glavu.

## Elewa kitu kimoja kabla ya kushika chupa

Hii koti ina nyavu mbili zilizoshonwa pamoja. Wavu wa kwanza ni wa silikoni na oksijeni, ndugu yake kioo, na huo unajengwa na maji. Wavu wa pili ni wa minyororo ya kaboni, ndugu yake plastiki ya akriliki, huo unajengwa na mwanga. MAPTMS ndo sindano na uzi, kwa sababu upande mmoja ina vikonyo vitatu vinavyovunjwa na maji, na upande mwingine ina methakrileti inayosubiri mwanga.

Maji yanajenga mfupa, mwanga unajenga nyama. Ukikumbuka hilo tu, utaacha kutibu ugonjwa wa mfupa kwa kuongeza dakika za taa.

## Hatua ya 1: Soma taa yako

Geuza taa uangalie maandishi. Za kucha nyingi zimeandikwa 365 na 405 nanomita. Hapo ndo watu wengi wanapoanguka, maana maandiko ya zamani yanakwambia tumia kianzishi 184 au 1173, na hivyo vilitengenezwa enzi za taa za zebaki, vinakula mwanga wa chini zaidi, karibu na 250, na kufika 365 wamebaki na mkia mwembamba tu, kwenye 405 hawaoni kitu. Unawasha taa, kianzishi kimelala, unaongeza dakika, kimelala vilevile.

819 inakula mwanga mpaka kupita 400. Ndo maana ipo kwenye orodha.

Jaribu hivi: yeyusha 819 kidogo kwenye HDDA, dondosha tone kwenye kioo, funika na kipande cha plastiki angavu cha polista (zile shiti za projekta za zamani), washa taa. Ukifaulu: ndani ya dakika moja tone limekuwa gumu, na ule unjano wake umefifia. 819 ni ya njano na ikishafanya kazi inapoteza rangi, yaani imekupa risiti bure. Tone likibaki majimaji, usiendelee na hatua nyingine yoyote, tafuta taa.

## Hatua ya 2: Jenga mfupa

Weka TEOS kwenye chupa, ongeza aisopropanoli gramu 5 na maji ya asidi gramu 0.7. Funga, koroga saa 2. Tunaitanguliza TEOS kwa sababu ni mvivu, vikonyo vyake vinatoka taratibu kuliko vya MAPTMS, ukiviweka pamoja MAPTMS inashikana yenyewe kwa yenyewe na TEOS inabaki pembeni kama mgeni asiyejulikana.

Baada ya hapo mimina MAPTMS yote, alafu maji ya asidi yaliyobaki, gramu 2.7, tone kwa tone huku inakoroga.

Mwanzoni itakuwa na ukungu, kama maji na mafuta, watu wakiona hivyo wanamwaga. Usimwage! Sileni na maji havipatani mpaka vianze kuvunjana. Koroga, gusa chupa utasikia kajoto kadogo, na ndani ya saa moja hivi inageuka angavu ghafla. Iache ikoroge mpaka kesho yake, saa 24, joto la chumba.

Hicho kipimo cha maji sikukitoa hewani. Kila molekyuli ya MAPTMS ili ishikane kabisa inataka maji moja na nusu, ya TEOS inataka mawili. Hapa tuna moli 0.1 ya MAPTMS na 0.02 ya TEOS, jumla ni moli 0.19 za maji, zidisha kwa 18 unapata gramu 3.42. Ukipunguza, vikonyo vinabaki bila kuvunjika na mfupa unakuwa wa mtoto mchanga, koti laini hata uipige mwanga wa siku nzima. Ukizidisha sana, chupa inaganda mapema na koti inapata ukungu. Huyo mtu wa dakika kumi niliyemtaja juu alikuwa anapima maji kwa kifuniko cha soda.

Na kwa nini asidi, si amonia? Kwenye asidi wavu unakua kama matawi marefu membamba yanayopitana, unapata filamu. Kwenye besi unakua kama vidonge vya mviringo, unapata maziwa. Vyote ni silika ila kazi tofauti.

Ukifaulu: kesho yake kimiminika ni angavu kama maji ya chupa, kizito kidogo kuliko spiriti, hakina mabonge. Tone kwenye kioo linatambaa vizuri bila kujikunja.

## Neno kuhusu kuongeza TEOS

Najua utataka kuiongeza, kila mtu anataka. Mantiki ni kwamba silika zaidi ugumu zaidi, na ni kweli, mpaka pale koti inapopasuka kama tope la mto uliokauka. Angalia hesabu: gramu 100 za MAPTMS zikishaachia methanoli zote zinabaki gramu 72 za kitu kigumu. Gramu 100 za TEOS zinabaki 29 tu. Yaani TEOS inasinyaa vibaya sana, na plastiki chini yake haisinyai nayo, kwa hiyo kitu kinachovutwa bila pa kwenda kinapasuka.

Koti ya TEOS peke yake ikifika mikroni moja tu kwa kawaida inachanika. Mseto huu unavumilia mikroni 5 au 10 kwa sababu ile minyororo ya plastiki inaupa mfupa nafasi ya kuhema. Ugumu na uvumilivu vinavutana kamba, na kipimo nilichokupa nimekiegemeza upande wa uvumilivu makusudi. Ukitaka ugumu bila kusinyaa, njia ya wenye viwanda ni kuweka chembe za silika zilizokwisha kukomaa, za nanomita 10 mpaka 20, hizo zimeshamaliza kusinyaa zamani. Lakini huo ni mchezo mwingine na una matatizo yake ya mabonge.

## Hatua ya 3: Weka kianzishi, gizani

Zima taa nyeupe, tumia balbu ya njano iliyo mbali, funga chupa kwa foili. Ongeza HDDA, aisopropanoli gramu 10 zilizobaki, na 819. Hiyo poda ni mbishi kuyeyuka, ipashe mpaka nyuzi 40 na uwe mvumilivu. Ikiisha, chuja kwa filta ya 0.45.

0.4 ni kama asilimia 2 ya kitu kigumu kitakachobaki. Kuongeza mpaka 5 hakusaidii kama unavyodhani, kianzishi kingi juu kinakula mwanga wote na chini kunabaki kubichi.

Ukifaulu: njano hafifu, angavu, hakuna poda chini. Ikae kwenye friji gizani, na ukiitoa iache ipate joto la chumba ndo uifungue, la sivyo unyevu wa hewa unaingia ndani na kuharibu hesabu yetu ya maji.

## Hatua ya 4: Osha plastiki

Toa nailoni ya kinga, osha kwa sabuni ya vyombo na vidole vyenye glavu, suuza sana, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye aisopropanoli. Pasha nyuzi 60 nusu saa itoe unyevu.

Onyo: usifute polikaboneti kwa asetoni wala thina. Inaingia ndani na kuipasua nyufa ndogondogo, wakati mwingine unaziona wiki nzima baadaye na unadhani koti ndo imepasuka.

Kwenye kioo koti hii inashika yenyewe, kwa sababu kioo kina vikonyo vya kushikana na mfupa. Polikaboneti haina. Ndo kazi ya HDDA: inailegeza kidogo ngozi ya plastiki na kuzama ndani yake, mwanga ukija inaganda huko huko kama mizizi. Ndo maana pia nakwambia paka kioo na plastiki kwa pamoja kila mara. Ikishika kioo na kubanduka plastiki, tatizo ni uso, si mchanganyiko. Ikigoma kote, rudi kwenye chupa.

Ukifaulu: kwenye kioo maji yanatandaa kama shuka, hayajikusanyi matone. Polikaboneti hata ikiwa safi haitandazi maji hivyo.

## Hatua ya 5: Paka

Njia rahisi ni kumwagia: simamisha kipande kwa pembe, mwaga kwenye ukingo wa juu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, iache ichuruzike kwenye bikari. Chini patakuwa pazito kidogo, kubali.

Njia safi zaidi ni kuzamisha na kuvuta polepole, na haihitaji mashine ya milioni. Funga kipande kwa uzi, uzi upite juu ya msumari laini, upande wa pili funga chupa ya plastiki yenye maji nusu inayoelea kwenye ndoo ya maji. Fungua bomba dogo chini ya ndoo. Maji yakishuka chupa inashuka, na kipande chako kinapanda bila mtetemo hata kidogo. Sentimita 10 kwa dakika moja ni mwendo mzuri. Ukivuta haraka koti inakuwa nene, ukivuta taratibu inakuwa nyembamba, na watu hudhani ni kinyume.

Msimu wa masika pale Dar hewa ikiwa imejaa maji, spiriti inaporuka inapoza uso na unyevu unatua juu yake, unapata weupe kama pumzi kwenye kioo. Subiri mchana wenye jua, au punguza aisopropanoli na weka methoksipropanoli inayoruka taratibu.

Ukifaulu: ukiinamisha chini ya balbu, taa inaonekana moja bila mawimbi. Vumbi ni vumbi, nyunyizia chumba maji dakika kumi kabla, hamna siri nyingine.

## Hatua ya 6: Fukuza spiriti

Dakika 15 kwenye nyuzi 60, gizani. Hatua fupi lakini ndo inayorukwa kuliko zote. Ukipiga mwanga spiriti ikiwa bado ndani, uso unafunga mlango na spiriti inabaki mfungwa, baadaye inatoka kwa nguvu na kuacha matundu.

Ukifaulu: haina harufu ya spiriti, na ukiipima mizani mara mbili kwa kupishanisha dakika tano uzito haubadiliki. Itakuwa inanata bado. Ni sawa, hapa inatakiwa inate.

## Hatua ya 7: Mwanga, na yule adui wa hewani

Adui ni oksijeni. Mwanga unapovunja kianzishi, zinazaliwa chembe zenye hamu ya kuunga mnyororo, na oksijeni inazidaka kabla hazijafika popote na kuzigeuza kuwa kitu kivivu. Chini ya uso oksijeni inaisha haraka na kazi inaendelea, ila juu kabisa hewa inaleta nyingine kila sekunde. Ndo unapata koti ngumu chini, juu inanata.

Dawa ni kuizuia isifike. Kwa kipande bapa, laza shiti ya polista juu taratibu kutoka upande mmoja usifungie hewa, washa dakika 5, bandua. Polista inapitisha 365 na 405 bila shida na uso unatoka laini kama yenyewe. Kwa kipande chenye mapindo, kiweke pamoja na taa ndani ya ndoo na ujaze kabondaioksaidi, ni nzito kuliko hewa na inakaa chini, hata ya magadi soda na siki inatosha ndoo ndogo. Fanya hivyo sehemu wazi, hiyo gesi inakaba. Naitrojeni ya wajaza matairi imenisaidia nusunusu, nyingi haijafikia usafi wa silinda.

Jua la saa sita nalo linakausha, lina mwanga mwingi wa eneo hilo. Shida yake huwezi kulizima wakati bado unasawazisha.

Vaa miwani. Usichungulie taa.

Ukifaulu: kidole hakiachi alama, pamba kavu haishiki nyuzi.

## Hatua ya 8: Joto la kumalizia

Weka oveni nyuzi 60, panda taratibu mpaka 90, kaa saa 2, zima na uache ipoe ndani. Mwanga ulimaliza nyama, lakini kwenye mfupa bado kuna vikonyo vilivyobaki wazi, na joto ndo linaviunganisha. Polikaboneti haijalainika mpaka karibu 147, una nafasi. Akriliki inalainika karibu 105, usipite 80.

Kupandisha ghafla ndo chanzo cha nyufa ninazoonyeshwa mara kwa mara, maana mfupa unasinyaa kwa haraka kuliko nyama inavyoweza kufuata.

## Hatua ya 9: Pima, usiamini macho

Penseli: chonga, sugua ncha iwe bapa, sukuma kwa pembe ya nyuzi 45. Anza ngumu kushuka laini, penseli ya kwanza isiyochora ndo daraja lako. Piga pia kipande kisichopakwa. Utofauti kati ya viwili ndo habari yenyewe, namba tupu haina maana kwa sababu plastiki laini ikibonyea koti inabonyea nayo.

Wembe na seloteipu: chora mistari 11 kwa 11, milimita moja moja, upate miraba 100. Bandika, bandua kwa haraka. Hakuna mraba uliotoka ni 5B, daraja la juu kabisa. Alafu, hii ndo watu hawafanyi, kiloweke kwenye maji ya nyuzi 60 usiku kucha na urudie. Koti nyingi zinafaulu zikiwa kavu na kubanduka zikilowa.

Wenye FTIR chuoni (mashine inayosoma vifungo vya kikemia kwa infraredi): angalia kilele cha 1637, hiyo ni methakrileti ambayo haijafungwa, ilinganishe na 1720 ambayo haiondoki. Haitaisha kabisa, mtandao ukishakuwa mgumu vipande vilivyobaki vinakosa pa kutembea. Ila ikiwa imeshuka kidogo tu baada ya mwanga, nyama haijaiva. Ikiwa imeshuka vizuri na koti bado laini, angalia karibu na 900 na ule mlima mpana wa 3400, mfupa ndo umebaki mbichi.

## Ikigoma

Inanata juu tu, ukikwangua chini ni ngumu: oksijeni. Laini yote kutoka juu mpaka chini na unjano bado upo: taa na kianzishi havijuani. Laini yote na unjano umeondoka: maji, rudi hatua ya 2. Nyufa zilizotokea kwenye oveni ni unene au haraka. Inabanduka kama ngozi nzima, osha upya na uangalie HDDA haijazeeka.

Kuhusu taa za gari, kabla hujanitafuta: kipimo hiki hakina kinga ya jua. Kitang'aa vizuri ila miale itapita na kuifikia polikaboneti, unjano utarudi. Inabidi kuongeza kifyonza UV, na hicho kinagombania mwanga na kianzishi, ndo sababu nyingine ya kupenda 819 na 405, maana vifyonza vingi vinaishia chini ya 400 na kuacha dirisha dogo la kupitia. Fanya kwanza vipande kumi vidogo, vikae juani juu ya bati miezi kadhaa.

Chupa ikianza kuvuta kama asali baada ya wiki kadhaa, mfupa umekua bila ruhusa yako. Usiiongezee spiriti kuifufua. Mimina iliyobaki kwenye sinia pana nje, iache iruke, ipige jua mpaka iwe ngumu ndo uitupe. Kwenye sinki hapana, itagandia humo humo kwenye bomba.